Vitabu Kumi na Kimoja

Nilianza na vitabu, sikatai.
Kila Ijumaa ya mshahara nilichuchumaa Ngara
mbele ya turubai la Mutinda, muuza mitumba ya karatasi,
nikichambua kati ya miongozo ya ufugaji wa kuku
na riwaya zilizopoteza majalada,
mpaka nikione kingine chenye neno Zen mgongoni.
Shilingi mia. Hamsini kikiwa kimeloa.
Vilifika kumi na kimoja.
Nikavipiga mistari kwa kalamu nyekundu,
ile ile ninayosahihishia hesabu za Darasa la Sita,
na pembeni nikaandika "Kweli kabisa!"
kana kwamba ukweli ulikuwa ukisubiri alama yangu.

Ningeweza kukueleza utupu kwa saa mbili.
Muulize mke wangu, Nasambu:
alinisikiliza, akachuja chai, akataka kujua
kama utupu huo umeshalipia maji.

Basi Julai ile ya baridi ya kung'ata masikio
nikapanda ngazi za jengo la mkata vioo, Pangani,
ghorofa ya tatu, mlango usio na kibao,
begi la vitabu likinivuta upande
kama mtoto aliyeona mandazi.
Alifungua Bi Kasyoka, karani mstaafu wa ardhi,
soksi za sufu, moja imetoboka kwenye kidole gumba.
Nilikuwa nimeandaa swali. Lilikuwa refu, lina vifungu:
nianzie wapi, mwalimu, kwenye maandishi au kwenye kuketi,
maana mmoja asema hivi, ilhali mwingine...
"Viatu," akasema.
Nikavua.
"Mito imekwisha. Una nini humo?"

Ndivyo nilivyoikalia maktaba yangu.
Vitano chini ya makalio, kanga juu yake;
goti la kushoto likaning'inia, tukaliwekea cha sita.
Hesabu pumzi, moja hadi kumi, kisha rudi moja.
Ukipotea, rudi moja. Hayo tu.
Mimi, mwalimu wa hesabu!

Moja.
Mbili.
Kodi ya nyumba.
Moja.
Yule Barasa wa dawati la nyuma, mbona siku hizi hali chochote mchana.
Moja, mbili, tatu, naweza, ona, naweza,
mpaka nikajikuta kumi na saba.

Chini, almasi ikakwaruza kioo, kriii, kisha tak.
Stima ikapotea. Jenereta la jirani likaanza kukohoa.
Mguu wangu ukafa, ukafufuka na sindano.
Hakuna kitabu kati ya vile kumi na kimoja
kilichoniambia habari za mguu,
au kiliniambia, nami nikapiga mstari, nikapita.

Maji usiyoyafika hujui wingi wake.
Mimi wingi wake nilikuwa nimeukariri, lita kwa lita,
na nguo zangu kavu.

Lakini usiende kumwambia Mutinda avichome.
Kuna kijana, Lemayian, hajasoma hata ukurasa;
wiki tatu alikaa akidhani anafunzwa kuzuia pumzi,
akitoka macho mekundu kama mla pilipili.
Ukurasa mmoja ungemwokoa.
Nikampa kile cha pili kutoka juu, bado kina joto langu.

Na Bi Kasyoka mwenyewe nilimkuta ngazini akisoma,
kijitabu kimefungwa kwa utepe wa mafaili ya ardhi.
Nikamwuliza mgeni asome kipi kwanza.
Akafunua ukurasa, akaumaliza, polepole.
"Kesho saa kumi na mbili na nusu," akasema.
"Na utafute kumvi."

Sasa nina mto wangu. Nasambu aliushona
kwa pazia la zamani, ndani kumvi za mpunga wa Mwea;
ukiukalia hunong'ona kidogo, kisha hutulia kabla yangu.
Vitabu vimerudi rafuni, vitano vimebonyea katikati.
Jana usiku nilifungua kimoja, nikaona mstari mwekundu,
"Kweli kabisa!" kwa mwandiko wangu,
nikausoma mara mbili. Sikuelewa.
Nikachukua raba. Wino haukutoka, bila shaka.

Asubuhi hii nilifika nne,
mkata vioo hajafungua bado,
halafu mtu huko chini akaanza kufagia.